Jiwe la Kilo Ishirini

Jiwe la kilo ishirini ni zito kuliko linavyoonekana. Nililitoa kwenye sanduku lake la mbao kwa mikono miwili, nikajikongoja nalo hadi kwenye kona ya pazia, pale wateja wangu wanapojaribia nguo, nikaliweka juu ya mizani yangu taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Mshale ukapanda, ukayumba, ukatulia. Kumi na nane na nusu.

Nikaliondoa. Mshale ukarudi kwenye sifuri vizuri tu, wala hungeona kasoro. Nikaliweka tena. Kumi na nane na nusu. Mara ya tatu nilipiga magoti sakafuni, nikafumba jicho moja kama ninavyofanya nikitunga uzi kwenye sindano, maana nilisema labda ni macho yangu. Macho yangu yalikuwa mazima.

Sasa jiwe lile halikuwa la kuokota barabarani. Lilikuwa jiwe la kazi, la chuma, lenye mhuri, na mwenye nalo ni mwanamume ambaye mtaa mzima unamwita Sahihi. Yeye ni fundi mizani. Anazunguka madukani, buchani na sokoni kupima kama mizani za watu zinasema kweli. Ikiwa sawa, anasimama wima na kutamka kwa sauti, ili hata mteja aliye nje asikie, "Sahihi." Ikiwa si sawa, hasemi kitu. Anaifungua, anairekebisha, kisha anaifunga kwa waya na kipande cha madini ya risasi anachokibana kwa koleo lenye alama yake, ili atakayeichezea tena ajulikane.

Nilimpenda kwa ajili ya neno lile moja. Alikuja kwangu mara ya kwanza na suruali iliyotoboka mifuko yote miwili, kwa sababu ya vijiwe vidogo anavyotembea navyo, nikamshonea mifuko mipya ya turubai. Baada ya wiki akaja na suruali nyingine, ambayo mifuko yake ilikuwa mizima kabisa. Nilimwambia hii haijatoboka. Akasema anajua.

Kwa hiyo jiwe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mizani yangu, na mizani yangu ilikuwa imeguswa na mtu mmoja tu tangu iingie humu ndani.

Nilikaa chini pale pale, kando ya jiwe, nikamsubiri arudi.

Mwaka uliopita mwili wangu ulianza kunigeuka. Ilianza na uchovu, uchovu wa kuamka nao. Halafu baridi, mimi najifunga shali watu wanajipepea kwa magazeti. Nywele zikawa zinabaki kwenye chanuo. Sauti ikakwaruza mpaka wateja wakinipigia simu wananijibu, "Sawa kaka." Na nguo zikaanza kukataa. Mimi nashona sare, za shule na za wauguzi, na kila siku nawaambia wateja wangu kwamba mwili hauna kosa, nguo ndiyo inayotakiwa kuufuata. Lakini sketi zangu mwenyewe nilikuwa naziachia mshono kwa kujificha, kama mtu anayeiba. Mganga hajigangi.

Nilipokwenda kupimwa, mama daktari alichukua damu, akaniita baada ya siku chache. Akaniambia tezi yangu ya shingoni imelegea, haitoi homoni ya kutosha, na ndiyo maana kila kitu mwilini kinakwenda kwa kujivuta. Akanipa vidonge. Kimoja kila alfajiri, kwa maji matupu, na chai isubiri saa nzima. Nilimuuliza kuhusu uzito kabla sijauliza kingine chochote. Akanijibu kwa upole kwamba sehemu yake ni maji na chumvi, itapungua polepole. Sehemu nyingine haitaondoka kwa kidonge. Akasema vidonge hivi vinarudisha kile ambacho tezi imeshindwa kutoa, si dawa ya kupunguza mwili, nisije nikachanganya mambo.

Mimi katika yote hayo nilisikia neno moja, "itapungua."

Mizani aliniletea Sahihi mwenyewe, nilipomuomba. Aliiweka nyuma ya pazia akaniambia hii haina unafiki, itakwambia kilichopo. Jumapili ya kwanza ikaniambia sabini na nane. Mwaka mmoja nyuma nilikuwa sitini na tisa. Nililalia rundo la sketi za shule nikalia hadi zikahitaji kupigwa pasi upya, na yeye alinikuta katika hali hiyo, akasimama mlangoni hajui aweke wapi mikono.

Na hapo sijamtaja mama yake. Mama yake si mtu mbaya, ila ni mtu wa macho. Siku tuliyokwenda kula kwake, macho yake hayakutoka tumboni mwangu tangu nilipovua viatu. Tulipokuwa jikoni tunaosha vyombo aliniuliza, sauti yake ya chini kabisa, ni miezi mingapi. Nikamwambia hakuna kitu mama. Akafuta sahani ile ile mara mbili, akasema, "Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, laja." Baadaye akamwambia mwanawe kwamba haji kwetu kupanga tarehe ya harusi mpaka hali ieleweke, kwa kuwa hataki watu waseme ameozesha kwa haraka ili kufunika jambo.

Sahihi alitaka kumwambia ukweli siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimuuliza nitaingiaje kwenye ukoo wa watu na pakiti ya vidonge mkononi, vidonge ambavyo daktari mwenyewe anasema huenda nikavimeza maisha yangu yote. Aliniambia mficha uchi hazai. Nikamwambia huu ni uchi wangu, nitaufunua nitakapotaka. Akanyamaza, kwa kuwa ni mtu wa kuheshimu neno.

Halafu muujiza ukaanza. Jumapili ya pili, sabini na sita na nusu. Ya tatu, sabini na tano. Ya nne, sabini na tatu na nusu. Nilikuwa naimba na hii sauti yangu ya kukwaruza, na shangazi yangu, aliyenilea na anayekaa chumba cha nyuma, akawa anauliza redio imeharibika nini. Kila Jumamosi Sahihi alipokuja, nikienda kuweka chai yeye alikuwa anaipindua mizani na kuitia mafuta kidogo. Nikajiona nimepata mwanamume wa pekee, anayejali hata vyombo vyangu. Mama yake naye akatuma ujumbe kwamba amekubali kuja. Jumapili hii, saa kumi, aje ajionee mwenyewe.

Ajionee mwenyewe. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoniharibu akili.

Basi jana nilikuwa kliniki, kwa sababu nitakayomwambia Sahihi kabla sijawaambia nyinyi. Muuguzi akanisimamisha kwenye mizani yao, akaandika sabini na saba na nusu. Nikamwambia dada, mizani yenu imeharibika, mimi nyumbani ni sabini na moja na nusu. Alicheka, akasema wote husema hivyo, akanionyesha waya mwembamba na kipande cha risasi pembeni ya mizani. "Hii ilikaguliwa mwezi huu."

Niliinama nikaitazama ile alama. Niliijua. Nimeishona kwenye begi lake la kazi kwa mkono wangu.

Nilirudi nyumbani nikachukua tepu yangu, ile ninayoivaa shingoni kila siku na ambayo kwa majuma yote yale sikuwahi kuigeuzia kwangu. Nikajipima kiuno. Kiuno kilikuwa pale pale kilipokuwa mwanzo wa matibabu, labda pungufu ya upana wa kidole. Kilo sita na nusu haziwezi kuondoka kwa mtu bila kuaga mahali popote. Leo mchana alipokuja na kuniachia sanduku lake ili aende dukani kununua mkate, nikalifungua.

Aliingia na mkate kwapani, anatabasamu. Aliona pazia limefunguliwa, akaniona mimi sakafuni, akaona jiwe. Macho yake yakaenda kwenye mshale yenyewe, kwa mazoea ya kazi. Tabasamu likamtoka. Akauweka mkate juu ya cherehani polepole sana.

"Kumi na nane na nusu," nikasema. "Hebu niambie. Wakikuita dukani ukakuta hivi, unafanyaje?"

"Naifungua."

"Na mwenye duka?"

"Namuuliza ameanza lini."

"Basi mimi nakuuliza wewe. Ulianza lini?"

Akaketi kwenye benchi la wateja. Ni mtu mrefu, na benchi lile ni fupi, magoti yake yakawa karibu na kifua. Siku nyingine ningemtania.

"Jumamosi iliyofuata," akasema. "Baada ya kukukuta unalia. Nilikaza springi kidogo tu. Nikasema apumzike wiki moja."

"Na wiki ya pili?"

"Wiki ya pili ulikuwa unaimba."

Akaendelea huku anaitazama mikono yake. Alisema hakukusudia iwe hivyo milele. Dawa si ingefanya kazi, ingawa polepole? Basi alipanga kuirudisha springi kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi. "Wewe unashuka, mizani inapanda, mnakutana katikati. Siku mkikutana, uongo umekwisha na hakuna aliyeumia."

Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka. Ni fundi mizani peke yake katika dunia hii anayeweza kukaa chini na kupanga uongo wa namna hiyo, wenye vipimo.

"Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," nikamwambia. "Kila Jumamosi. Na mimi nakuwekea chai."

"Najua."

"Hujui. Mtaa mzima ukinidanganya, nakuja kwako kuuliza kweli ni ipi. Wewe ukinidanganya niende kwa nani?"

Akafumba macho. Nilitaka kuinuka niende kumshika kichwa, nikajizuia, kwa sababu swali nililolibeba tangu jana nilikuwa bado sijaliuliza.

"Sema kweli, na ukisema uongo nitajua. Ni mimi uliyekuwa hutaki niumie, au ni wewe uliyekuwa hutaki kuisikia ile sabini na nane?"

Hakujibu haraka. Namheshimu kwa hilo. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo, tukaisikiliza ile ndoo hadi ikapita.

"Mimi sikuwahi kukuona kwa kilo," akasema. "Sura yako nikiiwaza ni ile ya kukata uzi kwa meno. Lakini mama alikuwa anasema kila siku. Kila nikirudi, tumbo la mwenzako, tumbo la mwenzako. Nikachoka. Nikaona wewe ukiamini unapungua, utatembea umeinua kichwa, na mama akiona umeinua kichwa atanyamaza. Kwa hiyo jibu ni kwamba nilifanya kwa ajili yako, na nilifanya ili mama aniache. Vyote viwili."

Kweli hiyo iliniuma, tena sana. Lakini ilikuwa na uzito wake kamili, na moyo wangu uliijua.

"Sasa nisikilize na mimi," nikasema. "Unadhani kwa nini jana nilikuwa kliniki?"

"Si ulisema ni siku ya damu?"

"Siku ya damu bado. Nilikwenda kwa sababu moyo ulikuwa unanienda mbio. Nimekaa kwenye kiti, sifanyi kitu, na unadunda kama nimepanda ngazi. Mikono inatetemeka. Kola nne za wauguzi nimezishona zimepinda, angalia pale juu ya meza, nimezifumua zote."

Akageuka kuziangalia zile kola. Kisha akanigeukia mimi.

"Nilikuwa nameza viwili," nikasema.

"Viwili nini?"

"Vidonge. Siku kumi na moja. Mizani ilikuwa inanionyesha kimoja kinashusha kilo moja na nusu kwa wiki. Nikapiga hesabu ya fundi, viwili vitashusha tatu, mama yako akija Jumapili anikute sitini na tisa. Sikumwambia daktari, wala wewe. Kila siku ukinipigia kuniuliza kama nimemeza nilikuwa nasema ndiyo."

Uso wake sijapata kuuona vile. Aliinuka, benchi likaanguka nyuma yake, akaja akapiga magoti mbele yangu na kunishika kiganja, kidole chake kwenye mshipa, kama anavyogusa mshale usiyumbe. Alikuwa anahesabu.

Nikamweleza aliyoyasema mama daktari. Kwamba amenisikiliza moyo, ameniambia nirudi kwenye kimoja, na nikisikia tena yale mapigo nisisubiri kesho. Kwamba alinigombeza kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Aliniambia kipimo cha dawa kinafuata damu, hakifuati mizani wala kioo wala wakwe.

"Ungekufa," akasema.

"Sijafa."

"Kwa springi yangu."

"Na kwa ubishi wangu. Usijibebeshe yote, utapinda mgongo."

Akaachia mkono wangu, akasimama, akatoka nje bila kuaga. Mlango ukabaki wazi. Nilisikia hatua zake zikienda hadi kwenye baiskeli yake iliyoegemezwa ukutani, halafu kimya. Nikasema moyoni basi, ameondoka, aibu imemshinda. Na wala sikumlaumu, ila nilishangaa jinsi chumba kile, chenye cherehani na meza na marundo ya nguo hadi huwezi kupita, kilivyoonekana kitupu. Wakati ule ndipo nilipojua kwamba hasira zangu zote zilikuwa zinamtaka akae azisikilize.

Akarudi na bisibisi, waya na koleo lake la lakiri.

Alikaa sakafuni, akaipindua mizani, akaifungua tumbo. Sikumsaidia. Nilimtazama tu. Nimeitazama mikono ile mara nyingi, ni mikono ya mtu asiyekuwa na haraka, na leo ilikuwa inatetemeka kama yangu, tukawa wagonjwa wawili. Alilegeza springi robo mzunguko, akaweka jiwe. Kumi na tisa na robo. Akatoa, akalegeza tena, akaweka. Mshale ukapanda ukasimama kwenye ishirini na haukuyumba. Nilisubiri aliseme lile neno lake. Hakusema.

Alipitisha waya kwenye tundu la skrubu na tundu la kifuniko, akavisha kipande cha risasi, akakiingiza kwenye mdomo wa koleo. Kisha akanipa mimi mpini.

"Bana wewe."

"Si kazi yangu."

"Bana. Nikiifungua tena, itakuwa nimevunja ya kwako, siyo ya kwangu."

Nikabana kwa nguvu zangu zote. Risasi ni laini, nilishangaa. Ilipotoka ilikuwa na alama yake na juu yake umebaki mkunjo wa mkono wangu kuteleza kidogo.

Nikavua viatu. Nikavua shali, maana hata siku ile ya joto nilikuwa nayo. Tangu mizani ile ije, sikuwahi kupanda mbele ya mtu, hata shangazi. Sahihi alipoona nataka kupanda aligeuza uso kuelekea ukutani, kwa adabu.

"Geuka," nikamwambia. "Soma."

Akapiga magoti, akainama hadi uso wake ukawa sawa na mshale. Kutoka pale juu nilikiona kisogo chake, na mvi mbili tatu ambazo hakuwa nazo tulipojuana. Nilibana pumzi, kana kwamba pumzi ina kilo.

"Sabini na saba na nusu," akasema.

Ilikuwa sauti yake ya kazini, ile iliyonyooka. Hakuipunguzia makali wala kuiongezea huruma. Nilingoja nianguke. Sikuanguka. Nilikuwa nimesimama juu ya miguu yangu miwili, ndani ya mwili uliokuwa umechoka na unaotibiwa, na mtu ninayempenda alikuwa ameujua wote na bado yupo sakafuni.

"Mbona husemi neno lako?" nikamuuliza.

"Leo sina haki nalo."

"Basi nitalisema mimi." Nikalisema kwa sauti yangu mbovu, ya kukwaruza, bila kupaza. "Sahihi."

Akaweka paji la uso kwenye mguu wangu, pale pale juu ya mizani, na nikaona mshale ukipanda kidogo kwa uzito wa kichwa chake. Nikamwambia ajiondoe, ananiongezea. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka kwa wakati mmoja.

Simu ya mama yake niliipiga mwenyewe. Sahihi alitaka kuipiga yeye, nikamkatalia.

"Nani kaka?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama. Mchumba wa mwanao."

"Mbona sauti hiyo?"

"Ndiyo ninayotaka kukueleza." Nikamweleza yote, tezi, damu, vidonge, na kwamba tumboni hamna mtoto na hajawahi kuwamo. Nilimwambia kwamba mwanawe alitaka kumwambia tangu mwanzo, mimi ndiye niliyemzuia. Mambo ya mizani sikuyataja, hayo ni ya ndani ya nyumba, na nyumba hata bado hatuna.

"Kwa hiyo siku zote hizo ukinijibu kwa mkato," akasema, "ni koo?"

"Ni koo, mama."

"Mimi nilidhani unaniringia." Akakohoa. "Na hivyo vidonge ni vya mpaka lini?"

"Huenda ni vya maisha."

"Utazaa?"

"Daktari amesema naweza, nikimeza ipasavyo na kupimwa."

"Nitataka kumsikia huyo daktari kwa masikio yangu."

"Tutakwenda wote, mama."

Nilimsikia akivuta kiti. Sikumsikia akisema amenielewa, wala pole hakuisema. Alisema, "Kesho saa kumi tutakuwa hapo. Mwambie shangazi yako asihangaike kupika sana," akakata simu.

Sahihi alikuwa ameanza kufungasha. Vijiwe vidogo mifukoni, vya kati sandukuni. Alipoinama kulichukua jiwe la kilo ishirini, niliweka mguu juu yake.

"Hili linabaki."

"Ni la kazi hilo. Jumatatu nina soko zima la kupima."

"Basi Jumatatu asubuhi njoo ulichukue. Sijakusamehe, ujue."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba hujanisamehe." Akalitazama jiwe, akanitazama mimi. Yale macho yake ya taratibu yalikuwa yameanza kuelewa. "Na Jumanne nikihitaji kuliacha tena?"

"Jumanne tutaona."

Akatoka na sanduku lililopungua uzito, akasahau mkate wake juu ya cherehani. Sikumwita. Nililisukuma jiwe kwa mguu hadi nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu akiingia lazima alione.

Jumapili alfajiri niliamka kabla ya shangazi. Nilimimina maji kwenye bilauri, nikafungua pakiti. Vidole vyangu vikatoa viwili kwa mazoea ya siku kumi na moja. Nilivitazama vikiwa kiganjani. Saa kumi mama yake angekuwa ameketi kwenye benchi lile lile, na mwili atakaoukuta ndio huu niliokuwa nao.

Kimoja nikakirudisha kwenye pakiti. Kimoja nikakimeza, nikakaa kwenye kiti changu cha kushonea, nikaanza kuisubiri ile saa moja ya chai.